Maji Hupanda Kabla Pumzi Haijakatika: Namba za Kufuata kwa Mwenye Moyo Ulioshindwa Kazi

Wasomaji wananiuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Baba alilazwa kwa moyo mkubwa, miguu imevimba, akatolewa maji, akaruhusiwa akitembea mwenyewe. Haujaisha mwezi karudishwa usiku anatweta. Dawa alikuwa anakunywa. Tumekosea wapi? Wengine wanauliza upande wa pili: daktari ametuandikia eko, vipimo vya damu, na sasa anataka kupitisha mrija hadi ndani ya moyo. Vyote hivyo vya nini, ikiwa ugonjwa tayari unajulikana?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Moyo ukishindwa kazi, kinachomrudisha mtu wodini mara nyingi ni shinikizo linalopanda ndani ya vyumba vya moyo na mishipa ya mapafu. Shinikizo hilo huanza kupanda siku nyingi, hata wiki kadhaa, kabla mgonjwa hajahisi kitu. Akianza kutweta, maji yameshafika mapafuni. Anayepima huliona mapema, wakati badiliko dogo la dawa bado linatosha.

Kwanza tenganisha presha mbili

Presha ya mkononi ni nguvu ya damu inayotoka moyoni kwenda mwilini. Presha ninayoizungumzia hapa ni ya damu inayorudi na kusubiri kuingia moyoni. Moyo uliochoka haumalizi kazi iliyo mbele yake, kwa hiyo damu inasongamana nyuma: upande wa kushoto inasongamana mapafuni, upande wa kulia inasongamana kwenye ini, tumbo na miguu.

Si lazima hizi mbili zipande pamoja. Mgonjwa anaweza kuwa na 110/70 mkononi, namba ya kupendeza kabisa, huku ya ndani iko juu na mapafu yanalowa. Ndiyo maana neno "presha yake iko sawa" limewachelewesha wengi kwenda hospitali.

Na usidhani haya ni ya wazee tu. Utafiti wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliotangazwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha ya kupanda. Hao ni watu wenye watoto shuleni. Wapo pia wasichana na vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na akina mama ambao moyo wao unachoka mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua. Hawa wa mwisho huambiwa ni uchovu wa uzazi. Mzazi anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi apelekwe hospitali, asingoje arobaini iishe.

Mzani ndio kipimo chako cha kwanza

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hakuna anayenenepa kilo 2 kwa siku 3 kwa kula ugali. Mzani ukipanda hivyo, ni maji, hata kama miguu bado myembamba, kwa sababu mwili hujaza lita kadhaa kabla kifundo cha mguu hakijaanza kubonyea.

Pima hivi:

- Kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai.
- Nguo nyepesi zilezile, bila viatu, bila khanga ya pili.
- Mzani uleule, juu ya sakafu ngumu. Ukiuweka juu ya zulia au mkeka, namba inadanganya.
- Andika hapo hapo kwenye daftari: tarehe, uzito, na neno moja la hali ya pumzi.
- Linganisha na uzito wa siku alipotoka hospitali akiwa hana maji. Mwombe daktari auandike kwenye kadi. Huo ndio uzito wake mkavu.

Piga simu kliniki siku hiyo hiyo ikiwa:

- uzito umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hata kama anajisikia vizuri;
- umepanda kidogo kidogo hadi kufika kilo 2 na nusu kwa wiki;
- umeshuka ghafla naye ana kizunguzungu, kiu kali au mkojo mchache.

Hilo la mwisho husahaulika. Dawa ya kutoa maji ikizidi, au mgonjwa akiharisha na kutapika huku anaendelea kuimeza, damu hupungua mwilini na figo zinaumia. Siku ya kuharisha, uliza kwanza.

"Hatuna mzani." Nunueni wa bafuni kabla ya kununua kipimo kingine chochote. Mkishindwa, tumieni wa zahanati au duka la dawa lililo karibu, mara mbili au tatu kwa wiki, lakini iwe palepale kila mara. Mizani miwili tofauti inaweza kupishana kilo nzima, na kilo hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kuna mtego mmoja hapa. Mgonjwa wa muda mrefu hupungua nyama: mapaja yanaisha, bega linachongoka. Nyama ikipungua kilo 3 na maji yakiongezeka kilo 3, mzani utakaa kimya. Kwa hiyo uzito mkavu uangaliwe upya kila anapokwenda kliniki, na mzani usisomwe peke yake.

Pumzi, mito na kuinama

Mwili una njia zake za kuonyesha shinikizo la ndani. Ukilala, damu ya miguuni inarudi kifuani. Moyo usioimudu unaisukuma nyuma mapafuni. Ukiinama, tumbo linabana kifua na shinikizo linapanda papo hapo.

Kwa hiyo angalia haya:

- Idadi ya mito. Aliyekuwa analala na mto mmoja akihitaji mitatu, au akihamia kwenye kiti, namba hiyo iandike kama unavyoandika uzito.
- Kuamka usiku akitafuta dirisha. Saa moja au mbili baada ya kulala anashtuka, anaketi, anataka hewa. Hiyo si ndoto mbaya.
- Kuinama. Akikosa pumzi ndani ya nusu dakika anapofunga kamba za viatu, kupiga deki au kuokota ndoo, shinikizo la ndani huwa limepanda. Anayeswali ataiona kwenye rukuu na sijda: amezoea, lakini wiki hii anainuka akihema.
- Tumbo kujaa kwa vijiko vichache. Ini na utumbo vikijaa damu, hamu ya kula inakwisha. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo huku tatizo liko kifuani.

Kikohozi kikavu cha usiku nacho kitajwe. Mara nyingi huitwa mafua au pumu.

Shingo na miguu, kwa macho na mkono

Mkalishe mgonjwa wima kitini, kidevu kimegeuka kidogo kushoto, taa ikimulika shingo kutoka pembeni. Tazama upande wa kulia, juu ya mtulinga. Mtu mzima wa afya akikaa wima, hutaona mshipa wa shingo ukichezacheza hapo. Ukiuona umejaa na unatikisika, damu imesongamana upande wa kulia wa moyo. Daktari hupima jambo hilohilo mgonjwa akiwa ameegemea, anahesabu sentimita kutoka mfupa wa kifua. Wewe huna haja ya sentimita. Jua tu jana ulionekana au haukuonekana.

Kisha gusa. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye goti, ushuke taratibu hadi kwenye muundi na kifundo. Dar es Salaam au Mombasa, kwenye joto lile, muundi wa mtu haupaswi kuwa wa baridi. Ukiwa wa baridi, na mgonjwa amechoka kupita kawaida, anasinzia mchana, mkojo umepungua, huenda damu haifiki mbali kama inavyotakiwa. Njombe mwezi wa Julai alama hii haina nguvu sana, miguu ya kila mtu ni baridi.

Madaktari huunganisha mambo haya mawili, maji yaliyosongamana na joto la miguu, na kupata mafungu manne:

- ana joto, hana maji: hapo ndipo tunapotaka awe;
- ana joto, ana maji: wengi wanaolazwa wako hapa, na dawa ya kutoa maji huwasaidia;
- ni baridi, ana maji: huyu ni wa hospitali kubwa, leo;
- ni baridi, hana maji: huenda ametolewa maji kupita kiasi, au moyo umedhoofika sana.

Ukimwambia muuguzi kwenye simu, "Miguu yake ni ya baridi tangu jana na mshipa wa shingo umejaa," umempa habari nyingi kuliko "Mama anaumwa."

Presha ya mkononi: soma namba zote mbili

Tumia mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, na kitambaa kinachoenea mkono. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Apumzike dakika 5, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila chai, kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, dakika moja kati yake.

Sasa toa namba ya chini kwenye ya juu. Kwa 120/80 tofauti ni 40. Kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu, tofauti ikiwa chini ya robo ya namba ya juu, kwa mfano 100/85, huenda moyo unatoa damu kidogo sana kila pigo. Namba hiyo ikijirudia, piga simu.

Lakini usikimbilie kuacha dawa kwa kuona 100/65. Dawa nyingi za moyo huishusha presha kwa makusudi ili moyo upumzike, na wagonjwa wengi wanaishi vizuri na namba hiyo. Swali la kuuliza ni: akisimama anaona giza? Pima akiwa ameketi, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Ikishuka 20 au zaidi kwenye namba ya juu, daktari aambiwe. Kuacha dawa kimyakimya ni kosa ninalolihofia kuliko yote.

Mapigo yahesabu dakika nzima. Moyo unaodunda bila mpangilio huzidanganya mashine, hivyo kwa mtu wa namna hiyo pima presha mara tatu. Mapigo ya zaidi ya 100 akiwa amepumzika, au chini ya 50, yaulizwe.

Kipima oksijeni cha kidoleni kina faida ndogo kuliko watu wanavyodhani. Rangi ya kucha, piko na vidole vya baridi huiharibu namba, na kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Anayetweta huku kifaa kinasema 95 bado ni mgonjwa.

Namba za hospitali na makosa ya kuzisoma

Eko ni kipimo cha mawimbi ya sauti, hakiumi. Namba inayozua hofu ni asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo. Watu huisoma kama alama za mtihani: "Nimepata 55, nimefeli karibu nusu." Hapana. Moyo wenye afya haujimalizi. 55 ni ya kawaida. 40 na kushuka ni moyo uliodhoofika, 41 hadi 49 ni katikati.

Kosa la pili ni kinyume chake: "Ni 60, basi moyo mzima." Moyo unaweza kusukuma vizuri lakini ukawa mgumu kupokea damu, hasa kwa mwenye presha ya miaka mingi, kisukari au unene. Shinikizo la ndani linapanda vilevile na mapafu yanajaa vilevile. Kwa hiyo uliza mambo mawili zaidi kwenye karatasi ya eko:

- Mshipa mkuu wa chini unaorudisha damu una upana gani? Ukizidi milimita 21 na haupungui kwa nusu mgonjwa anapovuta pumzi, shinikizo la upande wa kulia liko juu.
- Presha ya mishipa ya mapafu imekadiriwa ngapi?

Mrija wa moyoni: nani anauhitaji?

Hapa ndipo familia hukataa kwa hofu. Njia hii ina karibu miaka 100. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake hadi moyoni, akatembea mwenyewe hadi chumba cha eksirei kuuthibitisha. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel na André Cournand na Dickinson Richards, waliofanya njia hiyo iwe kipimo cha kweli. Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz, Los Angeles, waliweka kiputo kidogo kwenye ncha, damu yenyewe ikaubeba mrija hadi mapafuni.

Siku hizi unapita kwenye mshipa wa shingo, mkono au nena, kwa ganzi ya sehemu ndogo. Unasoma shinikizo moja kwa moja: chumba cha kulia, ambacho kwa kawaida hakizidi takriban 8, wastani wa mshipa wa mapafu, usiozidi 20, na shinikizo la upande wa kushoto, lisilozidi 15, vyote kwa milimita za zebaki. Unapima pia damu inayosukumwa, ambayo kwa mtu mzima aliyepumzika ni lita 4 hadi 8 kwa dakika. Hatari zipo: kutokwa damu, maambukizi, mapigo kuvurugika kwa muda. Ni chache kwenye mikono iliyozoea, kama ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala.

Unahitajika zaidi ikiwa:

- dawa zinaongezwa lakini hali haibadiliki, na haijulikani kama shida ni maji au ni moyo kuishiwa nguvu;
- presha iko chini sana na figo zinaanza kushindwa;
- eko na hali ya mgonjwa havikubaliani;
- kuna mpango wa upasuaji wa vali au kupandikizwa moyo.

Nje ya hapo hauhitajiki kila mara, na hili nalisema kwa ushahidi. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2005, wenye wagonjwa 433 waliolazwa wakiwa na hali mbaya, uliona kwamba kuwawekea mrija wote hakukuwaongezea siku za kuishi nje ya hospitali. Mwaka 2011 ukatoka mwingine wa Marekani, wagonjwa 550, ambao kwa nusu yao madaktari walitumia namba za kila siku za kifaa kidogo kisicho na betri kilichowekwa ndani ya mshipa wa mapafu, wakibadilisha dawa kila namba ilipopanda. Kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi kulipungua kwa asilimia 28 ndani ya miezi 6. Mimi nazisoma tafiti hizi mbili kwa pamoja hivi: namba ya siku moja wodini inasaidia kidogo, namba ya kila siku, yenye mtu wa kuifanyia kazi, inasaidia sana. Kifaa kile ni ghali mno kwa familia nyingi, lakini utaratibu wake unaigika kwa mzani na simu.

Kubaliana na daktari kabla ya kuondoka kliniki

Daftari lisilosomwa na mtu ni karatasi tu. Usitoke chumbani bila kuandikiwa:

- uzito wake mkavu ni kilo ngapi;
- ukipanda kwa kiasi gani, aongeze dawa ya kutoa maji kiasi gani, kwa siku ngapi;
- ni lini asiongeze, apige simu tu;
- namba ya simu ya nani, na usiku nani;
- lini arudi kupima figo na potasiamu baada ya dawa kubadilishwa.

Usijipangie dozi bila maandishi hayo. Na dawa ya kutoa maji inywewe asubuhi; kama ni mara mbili, ya pili iwe mchana, ili usiku asikeshe chooni. Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuandama mwezi.

Uzito ukipanda na hujui kwa nini

Kagua jikoni na kwenye mfuko wa dawa kabla ya kulaumu moyo:

- Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya mgongo na magoti, huzuia chumvi na maji kutoka.
- Magadi kwenye maharage, kisamvu au mlenda ni sodiamu, kama ilivyo chumvi.
- Ng'onda, papa mkavu, achari, vidonge vya mchuzi.
- Vidonge vinavyotoa povu vikiyeyushwa kwenye maji. Vingi vina sodiamu nyingi.
- Dawa iliyokwisha tangu Ijumaa na hakuna aliyesema.

Chumvi mbadala ya dukani nayo si salama kwa kila mtu. Nyingi zina potasiamu, na mgonjwa anayetumia spironolaktoni, dawa inayobakiza potasiamu mwilini, anaweza kuzidiwa nayo.

Usipige simu, nenda

- Anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi.
- Anatoa makohozi yenye povu, hasa la rangi ya waridi.
- Midomo imebadilika rangi, jasho la baridi, amechanganyikiwa.
- Amezimia, au kifua kinamuuma na maumivu hayaachii.
- Hajakojoa tangu asubuhi ingawa amekunywa dawa.

Beba daftari na dawa zote kwenye mfuko mmoja. Njiani mkalishe wima, miguu ikining'inia chini. Usimlaze kiti cha nyuma, hata akiomba.